Mtoto wa Zamu

Nilizaliwa ndani ya uzio wa shamba la chai, na kwa miaka mingi sikujua kwamba kuwa ndani ya uzio ni bahati. Baba alitoka kwao kando ya ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, akapewa nyumba, na pamoja na nyumba akapewa namba ya kazi. Namba hiyo ndiyo iliyotutibu. Sikio likiniuma, mama alinishika mkono tukatembea hadi zahanati ya shamba, akataja namba ya baba pale dirishani, nikaangaliwa, nikapewa dawa, tukarudi nyumbani hata uji wa asubuhi haujapoa. Nilidhani watoto wote duniani wanaishi hivyo.

Ilibidi nifike chuo kikuu ndipo niambiwe, na kwa vitabu, kwamba hali yangu ilikuwa na jina na kwamba ya majirani zangu nayo ilikuwa na jina lake. Mwaka wa nne tulitakiwa kila mmoja afanye utafiti wake kuhusu sera za afya. Wenzangu walikwenda mbali. Mimi nilichagua kilima kinachotazamana na kwetu, nikauliza swali moja: kwa nini watu wanaoweza kusalimiana kwa kupaza sauti tu hawatibiwi sawa?

Kijiji kile kiko upande wa Bomet, ukishuka kutoka barabara ya Kaplong, na kati yake na shamba letu kuna kijito na safu ya mikaratusi. Ukisimama uani kwa mtu yeyote pale unaliona paa la zahanati niliyotibiwa nikiwa mdogo. Kulifikia si kazi. Kazi ni kwamba ukifika dirishani utaulizwa namba. Zahanati ya serikali iko juu zaidi, na muuguzi wake ni mmoja. Siku akienda kuchukua chanjo, mlango unafungwa na watu wanarudi walikotoka.

Mwalimu aliyenisimamia, mtu mpole anayelipenda neno "ushahidi" kuliko chakula, alipitia maswali yangu, akakata nusu, akanitakia heri. Kila asubuhi nilivuka kijito kwa gambuti za baba na simu yenye maswali mfukoni. Siku ya kwanza sikupata mtu. Nilipita nyumba baada ya nyumba nikakuta milango imefungwa na mbwa wamenuna. Mwenye duka la njia panda, mzee aliyehamia huku zamani kutoka upande wa Mlima Kenya, alinitazama nikipita kwenda na kurudi mpaka akanihurumia.

"Msichana, saa hii hutapata mtu kwa nyumba," akasema. "Wamama wako kwa majani. Wewe uliza leo kikundi iko wapi, uende huko saa ya chakula. Utawapata wote mara moja."

Hivyo ndivyo nilivyoujua utaratibu wao. Wanawake wa kilima kile huchuma chai kwa zamu. Leo wote wanaingia shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba la siku hiyo hubaki nyumbani kuwapikia wenzake. Chai haingoji mtu. Ukichelewa inakomaa, na senta, pale inapopimwa na kununuliwa, wanaikataa. Kwa hivyo zamu zile hazivunjwi kwa sababu yoyote, iwe mvua au mazishi, na ukikosa kuchumia mwenzako ujue wiki ijayo utachuma peke yako.

Nikaenda nyumba ya siku hiyo. Nilichokikuta kilinishangaza kabla sijauliza swali hata moja: aliyekuwa akisonga ugali ni mwanamume. Mzee mzima wa Kikipsigis, mwiko mkononi, jasho usoni. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Usipige picha," akasema, hata salamu bado.

Mkewe alikuwa ameketi chumba cha pili, mbali na moshi, amevaa sweta kubwa la mumewe lililofungwa vifungo hadi shingoni. Sweta lilikuwa limefura kifuani, na pale juu, chini ya kidevu chake, ilichungulia kofia ndogo ya sufi, ya manjano. Nikamwamkia, "Chamgei," kwa Kikipsigis changu cha kuokota, akaitikia huku akicheka, nikaanza kazi yangu.

"Nyumba hii kuna mtoto mchanga?"

"Iko."

"Alizaliwa miezi ikiwa imetimia?"

"Haikutimia. Alikuja mapema sana."

"Na mama yake ni nani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si huyu mwenye amebeba?"

Nikaandika. Kesho yake nikafuata kikundi nyumba nyingine, nikakuta mwanamume mwingine jikoni, huyu amejifunga leso ya mkewe kiunoni bila aibu yoyote, na mwanamke mwingine ameketi mbali na moshi na uvimbe ule ule kifuani. Kofia ilikuwa ya bluu. Mtoto iko, alikuja mapema, mama ni mimi. Kesho kutwa kofia ilikuwa nyeupe. Siku iliyofuata, nyekundu.

Jioni hiyo nilimpigia mwalimu nikiwa nimesimama kwenye matope. Watoto wanne waliozaliwa kabla ya wakati, kwenye kilima kimoja kidogo! Mwalimu akasema polepole kwamba nisimwambie mtu bado, na kwamba niulize habari za maji, za dawa za kunyunyizia, za moshi wa kuni. Nilisikia akifungua dawati kutafuta kalamu. Mimi nilikuwa nimeshajiona jukwaani mbele ya maprofesa, nimevaa miwani ambayo sina.

Asubuhi yake nikarudi kwenye ile nyumba ya kwanza kuuliza habari za maji. Nikamkuta yule mama uani, kikapu cha chai mgongoni, yuko tayari kwenda kuchuma. Kifua chake kilikuwa kitupu. Nikamshika mkono nikamwambia pole sana.

"Pole ya nini?"

"Ya mtoto. Simwoni."

Alinitumbulia macho, kisha akacheka mpaka kikapu kikamvuka mabega. Huyu mama nilikuja kujua kwamba ndiye mcheshi wa kikundi, na kicheko hicho amenikumbusha mara nyingi tangu siku hiyo. "Ati umemzika! Mtoto iko kwa jirani, kule chini. Leo si zamu yangu."

"Na yule wa jirani je?"

"Ndiye huyo!"

"Na mwenye kofia nyeupe?"

"Si ndiye! Kofia ni ya nyumba, mtoto ni mmoja."

Nikakaa chini kwenye gogo lao la kupasulia kuni, naye akasahau kwamba amechelewa, akanieleza.

Mama mzazi alikuwa msichana wa umri wangu, mkaza mwana wa bibi mmoja wa kikundi ambaye wote walimwita gogo, yaani bibi kwa Kikipsigis. Zamani msichana huyo alikuwa akichuma kwa kibarua ndani ya uzio, upande wetu, mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa na vibarua wakaambiwa waende nyumbani. Mimba ilimkuta yuko nje ya uzio, hana namba. Mumewe alikuwa Naivasha, kibarua kwenye mashamba ya maua. Shinikizo la damu lilipompanda akakimbizwa hospitali, akapasuliwa, na mtoto akatolewa akiwa mdogo kiasi kwamba gogo, aliyekwisha kuzaa na kuzalisha, alipoonyeshwa aligeuka akatazama ukuta. Wauguzi waliwafundisha vizuri. Waliwaambia mtoto wa namna hiyo hana mafuta ya kujipasha joto, kwa hivyo jiko lake ni kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka afike kilo mbili na nusu. Walipomruhusu alikuwa bado hajafika mbili.

Nyumbani mambo yakaharibika. Kidonda cha mama kilifunguka, homa ikampanda, akarudishwa kushonwa upya, akaambiwa alale. Ilikuwa Julai, na kwa baridi ya Julai ya kwetu hata watu wazima wanatafuta kifua cha kuegemea. Gogo alimbeba mtoto peke yake kwa siku chache, mpaka akaanza kusinzia akiwa amesimama. Ndipo akafika kwenye kikundi akasema jambo moja: sisi tunazunguka na chai, basi tuzunguke na huyu mtoto.

Wakazunguka naye. Mwenye shamba la siku, ambaye angebaki kupika, alibaki kubeba, na upishi ukawaangukia waume kwa sababu moshi haukutakiwa karibu na mtoto. Maziwa ya mama yalikamuliwa asubuhi, yakapita kwenye kikombe chenye mfuniko hadi nyumba ya zamu. Jioni mtoto alirudishwa kwa mama akanyonya kidogo, kisha gogo na mama wakapokezana usiku. Mwenye kikohozi hakugusa. Asiyeoga hakugusa. Na walikubaliana jambo moja zaidi: aliye na mtoto kifuani ndiye mama yake mpaka amkabidhi mwenzake, na mtu yeyote akiuliza ajibiwe hivyo, kwa sababu ukikumbuka kila saa kwamba umebeba mtoto wa mwenzako, utaanza kuhesabu muda.

Nilisoma miaka minne mambo ya mifumo ya afya, nikachora mishale na visanduku vyake. Sikuwahi kuona mfumo kama huu. Nilimpigia mwalimu.

"Kwa hivyo ni mtoto mmoja," akasema.

"Ni mmoja."

"Na mama?"

"Wengi," nikasema, na nikasikia kalamu ikiwekwa chini.

Tangu siku hiyo sikuweza kukaa mbali. Maswali niliyamaliza lakini kila siku nilikwenda kwenye nyumba ya zamu, eti kuhakikisha majibu. Ukweli nilikwenda kumwona. Nilijifunza kumtazama: ngozi nyembamba kama ya kitunguu, vidole ambavyo kucha zake ungedhani zimechorwa kwa kalamu. Alilala siku nzima huku sikio lake dogo limebanwa kwenye moyo wa mtu, na wale wanawake, wenye mikono iliyosuguliwa na chai mpaka imekuwa myeusi, walikaa bila kusogea, wao ambao sijawahi kuwaona wametulia hata kanisani.

Kisha ikaja siku ya mvua ya mawe. Zamu ilikuwa ya yule mama mcheshi, na wenzake walikuwa wamepeleka majani senta. Mawe yalianza ghafla, yakapiga mabati kwa kelele ambayo hata kuzungumza haikuwezekana. Nilikuwa jikoni na mumewe. Tukamwona anatoka chumbani akiwa ameziba mdomo kwa leso, macho yamemtoka. Alikuwa amepiga chafya, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwili wake, akasema, ulikuwa umeanza kuchemka.

"Wewe!" akanipigia kelele juu ya mawe. "Una kikohozi?"

"Sina."

"Umeoga?"

"Nimeoga."

"Leo?"

"Leo, mama!"

"Vua sweta."

Nilitaka kusema mimi ni mtafiti, sipaswi. Huo upuuzi ulifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuvua. Mume akatoka nje kwenye mawe kuliko kunitazama. Mama akanikalisha, akamtoa mtoto kifuani mwake huku amegeuza uso, akamlaza kwangu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa upande, akatuzungushia shuka na kunifunga sweta la mumewe juu. Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni na kusimama pale, leso mdomoni, akitutazama.

Sijui niseme nini kuhusu uzito ule. Alikuwa mwepesi kuliko vitabu vyangu, na nilihisi kama nimebebeshwa nyumba. Joto lake lilikuwa dogo, kisha likakutana na langu, na baada ya muda sikujua lipi ni la nani. Moyo wake ulikimbia. Nilikuwa nikipumua kwa hofu, polepole, nikihofia hata mbavu zangu zitamwamsha.

Halafu akaacha kupumua. Hakukuwa na kishindo wala dalili. Kifua kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka juu ya changu kilishuka na hakikupanda.

"Hapumui," nikasema. Mawe yalimeza sauti yangu. "Mama, hapumui!"

Hakukimbilia. Hakuja. Ninajua sasa ilimgharimu nini kubaki mlangoni. Aliondoa leso kidogo akapaza sauti: "Mguse mguu! Anasahau! Mkumbushe!"

Nikaingiza mkono ndani ya shuka, nikaupata ule unyayo, nikausugua kwa kidole gumba. Hakuna kitu. Nikausugua tena, kwa nguvu ambayo niliona ni ukatili. Akajikunja, akavuta pumzi ndogo, kisha nyingine, akaendelea na safari yake kama aliyesimama njiani kufunga viatu. Mimi ndiye niliyelia. Nililia bila kutikisika, kwa sababu ningemtikisa, na machozi yakaingia kwenye kofia ya manjano.

"Huwa anasahau," mama akasema mawe yalipopungua. "Si kila siku. Sisi wote ametuonyesha hiyo."

Nikamtazama kwa namna mpya. Kila mmoja wa wale wanawake nilioandika majina yao ya ukoo na idadi ya ng'ombe wao alikuwa amewahi kukaa mahali nilipokaa, peke yake, kidole kwenye unyayo, zahanati ikiwa inaonekana kutoka mlangoni. Na kesho yake alikwenda kuchuma chai.

Kumpeleka hospitali kila wiki kupimwa kulihitaji pikipiki kwenye barabara iliyokuwa matope matupu, kwa mtoto ambaye hakutakiwa kupigwa na baridi. Kwa hivyo walimpima dukani. Yule mzee wa njia panda alikuwa na mizani ya kupimia sukari. Siku ya kupima aliifuta kwa maji ya moto, akaitandika taulo aliyokuwa ameining'iniza juu ya jiko lake, na wateja wakasimama nje wakingoja, hakuna aliyelalamika kwamba amechelewa kuuziwa mafuta. Mara ya kwanza niliyokwenda nao sindano ya mizani ilisimama mbali na alama ya kilo mbili na nusu. Mara ya pili ikakaribia. Katikati ya mara hizo mbili kulikuwa na juma moja ambalo hakuongezeka chochote, na kikundi kilichuma kimya, hata yule mcheshi.

Mara ya mwisho mama mzazi mwenyewe alikuja. Kidonda kilikuwa kimefunga. Alitembea taratibu, amemkumbatia mtoto ndani ya sweta, gogo nyuma yake, kikundi chote nyuma ya gogo, na mimi nyuma kabisa. Mzee akavua kofia yake bila kuambiwa. Mtoto akawekwa kwenye taulo, akatupa mikono, sindano ikacheza huku na huku, na sisi sote tukaacha kupumua mpaka iliposimama na mtu wa mbele akasema imepita. Imepita alama! Kelele zilizopigwa pale zilimwamsha mtoto akaanza kulia, kilio kikubwa kuliko yeye, na mzee akawa anajifuta macho kwa ile taulo.

Tulirudi kwa gogo kunywa chai ya maziwa. Nilikuwa na furaha ya kuchanganyikiwa. Nikawaambia nimeanza kuandika ripoti yangu, nikatoa simu nikawasomea mwanzo wake, sentensi kwa sentensi, nikiufasiri kwa Kiswahili chepesi. Nilikuwa nimeandika kwamba jamii hii haikungoja msaada wa mtu. Nilikuwa nimeandika kwamba wanawake hawa wameonyesha kuwa wanajiweza, na kwamba nchi nzima ina la kujifunza kwao. Kila neno nililiamini. Wanawake walipigana vikumbo wakicheka, yule mcheshi akataka nirudie sehemu ya waume kupika.

Mama wa mtoto hakucheka. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala kando yake, juu ya blanketi, kwa mara ya kwanza bila kifua cha mtu.

"Dada," akaniambia, "hiyo maneno ni tamu. Lakini usiandike hivyo."

"Kwa nini?"

"Ukiandika tunajiweza, hao wakubwa watasoma waseme, hawa wanajiweza. Halafu?"

Nikaishusha simu.

"Andika tulichoka," akasema. "Andika kila siku nilikuwa nalala hapa, nasikia mtu anatembea nje, nafikiria anakuja kuniambia mtoto wangu amekufa kwa nyumba ya mtu. Kila siku. Andika hiyo."

Gogo alimtazama mkaza mwana wake kama anamwona upya, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mgongo wake haujawahi kunyooka tangu Julai. Mwingine akasema alikuwa akijifinya asilale. Yule mcheshi akasema, akitazama sakafu, kwamba siku ile ya mawe, pale mlangoni, alikojoa akiwa amesimama, na hajamwambia mtu, hata mume wake. Walikuwa wamembeba yule mtoto pamoja majuma yote hayo, na hofu kila mmoja aliibeba peke yake.

Nikafuta kwenye simu yote niliyoyaandika, nikamwomba mama wa mtoto aanze yeye kusimulia, niandike.